Kwa nini wakina mama kambini wanakauka na kukonda hata pale bomba liko karibu?

#1 Mkunga_wa_Zamu
Habari wadau. Mimi ni mkunga, nafanya kazi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, na kuna jambo linanisumbua kila msimu wa joto nimeona nililete hapa kwa sababu huku kuna watu wa maji, watu wa lishe na watu wanaoishi kambini wenyewe. Ukisoma ripoti ya maji unaambiwa kila mtu anapata lita zake, bomba haliko mbali, kila kitu kiko sawa. Halafu saa saba mchana analetwa mama ana mimba ya miezi saba, midomo imepasuka, mkojo umekolea kama chai ya rangi, moyo unakimbia, nikimfunga mkanda wa kupima unene wa mkono unasoma chini ya sentimita 23, dalili ya lishe duni, nikipima wingi wa damu (hemoglobini) iko nane nukta kitu wakati mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Siyo mmoja. Na kuanzia mwezi wa pili hadi wa tatu ndiyo wanazidi, na watoto njiti nao wanazidi.

Nikiuliza watu wa maji wananiambia maji yapo, tatizo ni chakula. Watu wa chakula wanasema tatizo ni joto. Joto halina ofisi kwa hiyo mazungumzo yanaishia hapo. Sasa naombeni, nyie mnaona ni nini hasa? Maji, joto au chakula? Nawasilisha.

#2 Mzee_Kifimbo
Ni chakula. Sioni cha kujadili hapa. Kiwango wanachotumia kupanga ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Marekani ilipokata misaada 2025, katikati ya mwaka huo mgao wa WFP, Shirika la Chakula Duniani, kwenye kambi za Kakuma na Dadaab ulishuka hadi asilimia 28. Piga hesabu mwenyewe, ni kama kalori 588. Mtu wa kalori 588 hata umjengee nyumba ndani ya Ziwa Victoria atakonda tu.

#3 FundiPampu
Salamu mkunga. Mimi ni mtu wa visima, nimefanya Turkana iliko Kakuma na Garissa iliko Dadaab, ngoja nikupe upande wetu bila kuficha.

Viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada ya dharura, ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba lisizidi mita 500 kutoka nyumbani, bomba moja watu wasizidi 250, na foleni isizidi nusu saa. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, hali ikishatulia wanalenga lita 20. Sasa zile lita zinapatikanaje kwenye ripoti? Unasoma mita pale kwenye tanki, unagawanya kwa idadi ya watu wa eneo lile, basi. Hiyo ni lita za TANKI, siyo lita zilizoingia kwenye nyumba. Kama kuna bomba mbili mwisho wa laini hazina presha, ripoti haitakuonyesha. Kama mwenye biashara ya kufua nguo alichota mitungi mingi nayo imehesabiwa kuwa maji ya mama wako wa miezi saba.

Halafu kuna kitu kingine watu hawakisemi. Pampu nyingi sasa ni za sola, na ni kitu kizuri kwa sababu dizeli ilikuwa inatumaliza. Lakini sola inasukuma maji mengi jua likiwa utosini. Kama tanki ni dogo huwezi kuweka ya kesho asubuhi, kwa hiyo maji yanatoka vizuri kati ya saa nne na saa nane mchana. Yaani saa ileile ambayo binadamu hatakiwi kuwa nje, ndiyo tunawaambia wakina mama njooni mchote.

#4 BintiHagadera
FundiPampu Mungu akuweke kwa hayo ya mwisho. Mimi nimezaliwa Dadaab, mama yangu alifika mwanzoni mwa miaka ya tisini kambi zikiwa changa, na nimechota maji tangu nikiwa mdogo. Hiyo nusu saa ya foleni inahesabiwa kuanzia mtu akiwa amesimama, si ndiyo? Sisi hatusimami tu, tunaweka mitungi kwenye laini alfajiri, wengine wanaweka jiwe wameliandika kwa makaa ili mtungi usiibiwe, halafu lazima mtu abaki karibu kulinda nafasi maana ukienda nyumbani ukirudi utakuta jiwe lako limesogezwa nyuma. Mtu wa kulinda ni mama au binti. Kivuli ni mti mmoja wa mathenge na chini yake wameshajaa wazee.

Na kitu kingine mkunga, waulize hao wagonjwa wako walikunywa nini jana jioni. Wengi wetu tunaacha kunywa maji kuanzia magharibi. Choo kiko mbali, hakina taa, mlango hauna komeo. Ukinywa maji usiku utahitaji kutoka usiku. Kwa hiyo maji yapo ndani ya mtungi, ndani ya nyumba, na mama ana kiu, na hanywi. Hiyo lita haiko kwenye ripoti yoyote.

#5 Mkunga_wa_Zamu
BintiHagadera umenigusa pale penyewe. Ukizuia mkojo na kunywa kidogo, maambukizi ya njia ya mkojo yanakuja haraka, na kwa mjamzito maambukizi hayo ni njia ya wazi kabisa ya kupata uchungu kabla ya wakati. Nikipima mkojo wa hao wa mchana wengi nakuta. Nilikuwa nawapa dawa na kuwaambia kunywa maji mengi. Ushauri wangu ulikuwa unaishia mlangoni mwa choo.

#6 Msoma_Takwimu
Naomba nimjibu Mzee_Kifimbo kwa hesabu yake mwenyewe, haya ni makadirio ya jumla.

Chukua familia ya watu 6 kwa lita 15 ni lita 90. Mtungi ni wa lita 20, kilo 20. Hapo ni safari tano. Bomba likiwa mita 500, kwenda na kurudi ni kilomita moja, jumla kilomita tano na nusu yake umebeba kilo 20. Mwanamke wa kilo 55 au 60 akitembea mikono mitupu anatumia kama kalori 55 kwa kilomita, akiwa na mzigo inapanda labda 75. Jumla inakuja kama kalori 300 na zaidi. Kwa siku. Hapo hujagusa kuni wala kupika wala kunyonyesha.

Sasa rudisha kwenye zile 588 za mzee. Zaidi ya nusu ya mgao wa mama mwenyewe unaisha kwenye kubeba maji ya familia. Kwa hiyo huwezi kusema "ni chakula" ukafunga mjadala, maana maji nayo yanakula chakula.

#7 Mzee_Kifimbo
Hesabu nzuri kijana lakini soma ulichoandika. Umepata 300. Pengo la chakula ni zaidi ya 1,500. Lipi kubwa? Mpe mama kalori zake 2,100 atabeba huo mtungi na atakuwa na nguvu za kukusalimia. Mnazunguka mbuyu.

Na tena wengi hawabebi, kuna wilibaro na bodaboda.

#8 BintiHagadera
Mzee wilibaro ya kukodi inalipwa na nini, na hizo 588? 😀 Bodaboda ndiyo kabisa.

#9 MamaWatatu_Kalobeyei
Hamjambo. Mimi niko Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, kijiji cha pili, nimetoka Burundi, mkoa wa milima, kule usiku unajifunika blanketi mbili. Niseme langu. Nilipofika hapa nilikuwa nanyonyesha, nyumba ni ya mabati, mchana ndani huwezi kukaa, ukigusa ukuta kwa mkono unauondoa, nje vumbi. Mtoto alikuwa analia, ananyonya dakika moja anaacha, mimi maziwa naona yamepungua. Jirani akaniambia joto hili mtoto ana kiu mpe maji, nikawa nampa kwa kijiko, wiki ileile akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Alipona, tunashukuru.

Lakini ninachotaka kusema hata mimi sikuwa nakula. Siyo kwamba hakuna chakula kabisa, kilikuwepo cha wakati ule kabla hawajapunguza sana, ila joto linaondoa hamu, unaangalia ugali wa mtama unaona kama mchanga, unakunywa chai ya sukari unalala chini. Wenzangu tuliofika pamoja wote tulikonda mwezi wa kwanza. Kwa hiyo mimi naona joto ndilo linaanza, mengine yanafuata.

#10 Dada_Lishe
Pole mama na asante kwa kuandika. Ngoja niseme hili wazi kwa wote wanaosoma: mtoto wa chini ya miezi sita HAHITAJI maji hata kwenye joto la Turkana. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Mtoto mchanga joto likizidi atataka kunyonya mara nyingi zaidi na kwa muda mfupi, hiyo dakika moja moja anazima kiu, siyo kwamba maziwa yameisha. Anayehitaji maji ni mama. Ukimpa mtoto maji ya mtungi unamletea kuhara na unapunguza kunyonya, na kunyonya kukipungua maziwa nayo yanapungua kweli.

Mama anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 juu ya zile za kawaida, na maji zaidi ya mtu mwingine yeyote nyumbani. Kwenye mgao anahesabiwa mtu mmoja sawa na wengine. Kuna ule unga wa uji uliorutubishwa unaotolewa kliniki kwa wajawazito na wanaonyonyesha, lakini ukifika nyumbani sufuria ni moja na watoto ni wanne, unafikiri nani anakunywa?

Na kuhusu mwezi wa kwanza, mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, kutoa jasho mapema na bila kupoteza chumvi nyingi. Aliyetoka milimani anafika na mwili wa milimani, na siku hizohizo ndizo za kusimama laini za usajili juani.

#11 Jirani_Lodwar
Nasoma tu na kunyamaza lakini acheni nichangie upande wa sisi wenyeji. Dada zangu Waturkana hawana hata hilo bomba la kulalamikia foleni, wanachimba shimo kwenye mchanga wa Tarach, mto wetu wa msimu, mpaka maji yajichuje, wanachota kwa kikombe kidogo kidogo, na ukame ule wa misimu mitano mfululizo kutoka mwishoni mwa 2020 hadi 2022 uliua mbuzi, maziwa yakaisha. Utapiamlo wetu ukipimwa mara nyingi unavuka ile asilimia 15 ya hali ya dharura. Kwa hiyo mkisema "ukimbizi" ndiyo sababu, mbona sisi tuko nyumbani na tunakonda vilevile?

Alafu kuni. Wakimbizi hawaruhusiwi kwenda kukata ovyo ili tusigombane, kwa hiyo wananunua kwetu, au wanabadilisha na unga. Dada yangu mwenyewe anauza makaa ya mathenge, analipwa kwa kikombe cha mahindi. Hicho kikombe kwenye ripoti kimeandikwa kimeliwa na mkimbizi.

#12 FundiPampu
Jirani hapo umeongea. Na ndiyo maana sheria siku hizi kisima kikichimbwa kwa ajili ya kambi lazima na wenyeji wapate bomba. Kalobeyei yenyewe ilipangwa hivyo tangu mwanzo, wakimbizi na wenyeji pamoja, ingawa kwenye maji bado ni safari.

#13 Msoma_Takwimu
Siyo sheria mkuu, ni makubaliano na miradi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inagusa huduma kutumiwa kwa pamoja na jamii za wenyeji lakini haisemi bomba ngapi.

#14 FundiPampu
Sawa. Kwenye site tunaambiwa lazima.

#15 Mtu_wa_Kivu
Miye natoka Goma, mashariki ya Kongo. Kule kwetu joto si kali kama huko, tuko juu, usiku baridi. Lakini bamama balikonda vilevile kwenye kambi za Kanyaruchinya na Bulengo kabla waasi wa M23 kuingia Goma Januari 2025 na kambi kuvunjwa. Kwa hiyo anayesema joto ndilo linaanza afikirie hii.

Kwetu shida ilikuwa jiwe. Chini ni lava ya volkano, huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kisima. Maji ni ya Ziwa Kivu, yanatiwa klorini, yanaletwa kwa lori. Lori lisipokuja mtu anashuka ziwani na bidoni, ule mtungi wa plastiki, anachota hivyo hivyo. Kuhara hakukatiki. Mtu anaharisha kidogo kidogo kila wiki, chakula anachokula kinapita tu. Mwaka 1994 wakimbizi waliotoka Rwanda walikufa hapo kwa makumi ya maelfu, kolera na kuhara damu, mwezi mmoja tu. Miye nasema ni tumbo. Hata umpe kalori zote za mzee, tumbo likiwa na kidonda hazikai.

#16 Dada_Lishe
Mtu_wa_Kivu ana hoja nzito. Tumbo linaloshambuliwa na uchafu kila siku hata bila kuharisha waziwazi ukuta wake unachakaa na linashindwa kunyonya virutubisho. Na tukizungumzia maji machafu kwa wajawazito tusisahau homa ya ini aina ya E. Dadaab ililipuka 2012. Mtu wa kawaida anaugua na kupona, lakini mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho anaweza kufa, vifo vinafika asilimia 20 hadi 25. Ule ugonjwa unapita kwenye maji na vyoo.

#17 Kijana_wa_Mtaa
mimi si mtaalam ila naona hata mavazi yanachangia jamani, mtu amevaa nguo tatu nzito nyeusi juu ya joto la 38 halafu tunashangaa anazimia

#18 BintiHagadera
Kijana nilikuwa nakungoja, kila uzi wa wakina mama lazima atokee mmoja wa mavazi 😂

Nguo pana inakinga ngozi na jua na hewa inapita ndani, hata wafugaji wanaume jangwani wanajifunika mwili mzima. Shida siyo jilbabu, shida ni kwamba nyumbani ambapo ningeivua na kukaa na gauni jepesi ni hema la turubai, ndani ni kama oveni, hakuna dirisha, na ukifungua mlango kila mpita njia anakuona. Nipe nyumba yenye dirisha la juu na ukuta wa udongo uone kama nguo itakusumbua.

#19 Kijana_wa_Mtaa
sawa abaayo (dada) nimeelewa

#20 Mkunga_wa_Zamu
Nimekuwa zamu, nimerudi nimekuta mmeandika mengi. Kuhusu joto na ujauzito naomba nimwage kidogo kwa sababu Mtu_wa_Kivu na Mzee wanalipita haraka.

Kuna mapitio yalichapishwa 2020 kwenye jarida la BMJ, yalikusanya tafiti 70 kutoka nchi 27. Waliona kila digrii moja ya Selsiasi ikiongezeka, uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati unapanda kwa kama asilimia 5, na kwenye mawimbi ya joto asilimia 16. Watoto wanaozaliwa wamekufa nao wanapanda. Halafu kuna utafiti wa Gambia uliotoka 2022, wanawake wakulima 92 wenye mimba walifuatwa shambani kabisa wakiwa wanafanya kazi. Digrii moja ya mzigo wa joto ikiongezeka, dalili za mtoto kutaabika tumboni zilipanda kwa asilimia 17. Na hawa walikuwa wanaendelea na jembe, hawajisikii wagonjwa.

Sababu ni kwamba mwili ukipata joto unapeleka damu kwenye ngozi ili ipoe. Damu inayoenda kwenye ngozi imepungua kwingine, na kondo la nyuma ni mojawapo ya hapo kwingine. Mama akiwa amekauka, damu yenyewe imepungua ujazo. Akiwa na upungufu wa damu, hata hiyo kidogo inayofika haijabeba hewa ya kutosha. Kwa hiyo nikimuona yule wa saa saba naona vitu vitatu vimekutana juu ya kondo moja.

#21 Mzee_Kifimbo
Mkunga nakuheshimu, wewe unawaona mimi nasoma. Ila hizo tafiti zinaonyesha vinavyokwenda pamoja. Msimu wa joto Kakuma ndiyo pia msimu ambao maziwa ya mbuzi yameisha sokoni na bei imepanda. Utajuaje ni joto na siyo njaa ya msimu? Na umesahau malaria. Tarach ikifurika, baada ya mvua mbu wanajaa, damu inashuka, hiyo nane nukta kitu yako inaweza kuwa ya malaria ya miezi miwili iliyopita.

#22 Mkunga_wa_Zamu
Malaria tunapima, wengine wanayo kweli. Siwezi kukukatalia yote mzee.

#23 Dada_Lishe
Kwenye damu mniruhusu niongeze chai. Sitanii. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka na maharage. Kambini mama anakula mahindi, mtama, maharage, hakuna nyama, halafu anashushia na chai kwa sababu chai ndiyo inayopita kooni kwenye joto, na kwa sababu maji ya bomba ya mchana yenyewe ni ya moto. Ukisogeza chai saa moja kabla au baada ya chakula inasaidia, na ukipata limau au kitu kibichi chenye vitamini C inasaidia zaidi. Lakini limau kambini linanunuliwa.

#24 FundiPampu
Maji ya moto ni kweli. Bomba limelazwa juu ya ardhi au limefukiwa kiganja kimoja tu, saa saba ukifungua yanayotoka mwanzo hayashikiki. Na tanki jeusi la plastiki ndiyo jiko lenyewe. Kulifukia bomba chini zaidi ni kazi ya jembe tu lakini bajeti inaishaga kabla ya hapo.

Niongeze jambo la chumvi. Visima vingine Turkana vina chumvi na floridi juu ya kile kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, ndiyo maana unaona watoto wa hapa meno ya kahawia. Maji ya chumvi mtu anakunywa kidogo kwa sababu hayakati kiu. Nimesikia pia yanapandisha presha kwa wajawazito, mkunga utasema.

#25 Msoma_Takwimu
Hilo limechunguzwa Bangladeshi, pwani, ambako bahari inaingia kwenye visima. Wajawazito waliokunywa maji yenye chumvi nyingi walikuwa na presha na kifafa cha mimba zaidi. Ila chumvi ya kule ni nyingi, usiilinganishe moja kwa moja na kisima cha Kakuma bila kupima. Dadaab maji yanatoka kwenye hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ya Merti, chini sana, na pale kambini ni mazuri, ukisogea pembeni ndiyo yanakuwa ya chumvi.

#26 MamaWatatu_Kalobeyei
Mnasema yote haya lakini mimi naona hamjagusa mwezi wa nane 2025. Walituweka makundi manne. Kundi la kwanza walipata zaidi, la nne hawakupata kitu, waliambiwa wanaweza kujitegemea. Nina jirani aliwekwa la nne kwa sababu aliwahi kuwa na duka, duka lenyewe lilikuwa linauza kwa mkopo kwa watu wa Bamba Chakula, ile pesa ya chakula ya WFP inayoingia kwa simu, pesa ya watu ilipokatwa na deni halikulipwa na duka likafungwa. Sasa anafua nguo za watu. Kufua ni maji. Anachota ya kwake na ya kufulia, mchana, ana mimba. Nimwambie apumzike kivulini?

#27 Jirani_Lodwar
Huyo ndiye FundiPampu alimhesabu kwenye #3 kuwa ni "mwenye biashara ya kufua nguo" anamaliza maji ya wengine.

#28 FundiPampu
Ndiyo, ni watu walewale. Nimesoma hiyo mara mbili.

#29 Mpita_Njia_Pwani
Jamani samahani natoka nje kidogo ya mada, hao wanaozimia juani mnawapa nini haraka kabla ya kliniki? Huku kwetu tunachanganya maji glasi moja, chumvi kijiko na sukari kijiko.

#30 Dada_Lishe
Hapana tafadhali usifanye hivyo, chumvi kijiko kizima kwenye glasi moja ni hatari, itamkausha zaidi. Kipimo ni LITA MOJA ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu, na NUSU kijiko cha chai cha chumvi. Pakiti za dukani nazo ni lita moja kwa pakiti moja. Ukikosea elekea kwenye chumvi kidogo, usizidishe.

Na aliyezimia kwa joto mtoe juani kwanza, mloweshe nguo maji, mpepee. Kama hajitambui au anaongea ovyo usimnyweshe kitu, atapaliwa, mkimbize kliniki huku unaendelea kumpooza. Mjamzito alale ubavu wa kushoto, asilale chali.

#31 Mpita_Njia_Pwani
Shukran, nimeandika.

#32 Mtu_wa_Kivu
Na bidoni zioshwe ndani. Maji yanatoka bombani safi na klorini yake, yanaingia kwenye bidoni yenye ute wa kijani kwenye pembe, jioni unakunywa ute. Sisi tulikuwa tunatia changarawe ndogo na maji kidogo na sabuni, tunatikisa sana, tunamwaga. Hiyo haihitaji mradi.

#33 BintiHagadera
Sisi tunafanya hivyohivyo. Ila sabuni nayo ilikuwa ya mgao, siku hizi unaipata kwa bahati, na wasichana wanaihitaji kila mwezi kuliko mtungi.

#34 Mkunga_wa_Zamu
Nimekusanya: mgao, kubeba, joto, choo cha usiku, tumbo, chai, chumvi, malaria, kuni. Kila mmoja ameleta mama ambaye namjua. Sitachagua moja maana kila nikichagua anakuja mgonjwa wa nyingine. Lakini FundiPampu nina ombi moja la vitendo. Zile saa za maji zinaweza kuhamishwa? Hata bomba zifunguliwe saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, na jioni. Wajawazito wasisimame kwenye jua la saa sita.

#35 FundiPampu
Inawezekana kama kuna tanki la kulaza maji usiku. Unasukuma mchana kwa sola, unafunga valvu, unafungua alfajiri. Tatizo ni ukubwa wa tanki, sehemu nyingi lililopo halitoshi mzunguko mzima wa siku. Njia ya haraka ni kugawa zamu kwa bloku, bloku mbili alfajiri, mbili jioni, zibadilishane kila wiki. Hiyo ni kazi ya kamati ya maji na mtu wa valvu, haina gharama.

#36 BintiHagadera
Kabla hamjahamisha, jioni ni saa ngapi? Saa kumi na mbili huku kumeshaanza kuwa giza na njia ya bombani inapita kwenye laga, mto mkavu. Mimi jua naliogopa lakini kuna kitu nakiogopa zaidi ya jua. Alfajiri pia, saa kumi na moja ni giza totoro. Kamati za maji nyingi mwenyekiti ni mwanaume, atakubali haraka kwa sababu yeye hachoti.

#37 MamaWatatu_Kalobeyei
Kweli. Kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu ingetosha, kumeshapambazuka na mabati hayajapata moto. Na wajawazito wapewe laini yao, hiyo tuliwahi kufanya, mitungi yao ilikuwa inafungwa kitambaa chekundu na inapita mbele. Iliisha kwa sababu kila mtu alianza kufunga kitambaa.

#38 Mzee_Kifimbo
Sogezeni saa, sawa, ni jambo jema na halina gharama, naliunga mkono. Ila msimuache mtu wa mgao apumue kwa sababu mmesogeza saa ya bomba. Zilishuka hadi 588 katikati ya 2025, na pengo bado lipo.

#39 Msoma_Takwimu
Mzee, 588 ukitoa 300. Umekubali au hujakubali?

#40 Mzee_Kifimbo
Nimekubali inatolewa. Sijakubali kwamba ndiyo sababu.

#41 Mkunga_wa_Zamu
Asanteni wote. FundiPampu nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu huyo mtu wa valvu. BintiHagadera, ikifika kwenye kamati nitapeleka saa zako na za MamaWatatu, siyo zangu. Na wale mlio Dadaab, mnaweza kuniambia bloku gani zimeshajaribu zamu ya asubuhi na ilikwendaje?

#42 BintiHagadera
Kambi ya Ifo, hapa Dadaab, kuna sehemu wanafanya, nitamuuliza shangazi nirudi hapa.